Orodha ya Wapiga Kelele

Kila aliyepata kuketi katika darasa la sekondari aijua karatasi hii. Ni ukurasa uliochanwa katika daftari. Juu yake yameandikwa maneno "Wapiga Kelele", na chini yake majina, mengine yakifuatwa na alama ya mara mbili, mara tatu, hata mara tano. Mwandishi wake ni kiranja wa darasa. Msomaji wake ni mwalimu arudipo. Huko Masii, katika njia itokayo Machakos kwenda Wamunyu, hutumika kama itumikavyo katika shule nyingi za Kenya. Sisi hufundishwa kuhakiki riwaya na mashairi, lakini maandishi haya, ambayo huwaumiza wasomaji wengi zaidi, hayahakikiwi. Na tuyasome basi kama tusomavyo insha: yasema nini, na yameacha nini?

Kwanza, lugha yake ni maskini. Aliyemwomba jirani rula, aliyecheka kwa sauti, na aliyempiga mwenzake kitabu kichwani, wote wameandikwa kwa neno moja. Na ile alama ya mara tatu maana yake nini? Huenda mwanafunzi alisema mara tatu. Aghalabu, lakini, alisema mara moja, kisha akabisha kuandikwa, na kila ubishi ukamzidishia hesabu. Mwalimu apokea tarakimu, hapokei habari.

Pili, mwandishi ni shahidi, karani na mshtaki kwa pamoja. Rafiki zake hawana sauti. Waliogombana naye jana hupiga kelele hata wakinyamaza. (Mandazi ya mapumziko yamefuta majina mengi kuliko toba.) Mtuhumiwa hasikilizwi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata kanuni za nidhamu za mwaka 1972, zilizoruhusu kiboko, zilitaka kosa lichunguzwe kwanza kikamilifu, mapigo yasizidi sita, wala mwanafunzi asipigwe mbele ya wenzake. Ruhusa ya kiboko iliondolewa mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Orodha imebaki. Mahali pengine bado humpeleka mtoto kupiga magoti juu ya kokoto, bila hata ule uchunguzi mdogo uliotakiwa zamani.

Kiranja naye hudhulumiwa. Amepewa kazi ya mtu mzima, bila ulinzi wa mtu mzima. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa vyumbani mwao, na wakafa. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyowasha moto ule. Nasema kuwa mwalimu amwekaye kijana kuwa jicho lake juu ya wenzake amemweka mahali pa hatari.

Lakini upungufu mkubwa wa maandishi haya ni jina lisilomo. Kelele ilianza kwa nini? Kengele imelia, dakika kumi zimepita, na mlangoni hapana mtu. Orodha yawataja wote isipokuwa yule ambaye kutokuwapo kwake ndiko kulikoizaa. Hapa yafaa tuwe waadilifu. Tangu mwaka 2018 serikali imekaza kwamba kila amalizaye shule ya msingi aendelee na sekondari, na madarasa yamejaa. Mwalimu mmoja aweza kutakiwa katika vyumba viwili kwa saa moja. Huyo hana lawama. Yuko na mwingine, amalizaye chai yake polepole katika chumba cha walimu, kisha akaja kudai orodha.

Wako walimu waachao hesabu tatu ubaoni kabla ya kutoka; warudipo huuliza hesabu, hawaulizi majina. Mkorofi humwita kando baada ya somo, wala si mbele ya hadhira ya wachekaji, na mara nyingi husikia habari ya karo, ya njaa, au ya somo lililompita tangu muhula uliopita. Njia hii haimtengenezi kila mtu. Wako waharibuo somo kwa kupenda tu, na hao wazazi wao huitwa.

Ikiwa orodha lazima iendelee, kiranja na aandike kwanza saa ya kengele, saa mwalimu alipoingia, na kazi iliyoachwa. Chini ya hapo ndipo yaanze majina, kila jina na tendo lake, na mwenye jina apewe nafasi ya kujibu.