"Kaa": Herufi Tatu na Subira ya Mtunga Kamusi

Neno refu halimtishi mtunga kamusi. "Usanisinuru" hulimaliza kwa mistari miwili, akaendelea na safari yake. Linalomkesha ni neno fupi, lile ambalo hata mtoto hulitumia bila kufikiri. Waingereza walilipima jambo hili kwa kazi: katika toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford, maelezo marefu kuliko yote yalikuwa ya "set", herufi tatu zilizochukua maneno yapatayo 60,000. Baadaye "run" ikaipita. Mhariri Peter Gilliver aliishughulikia kwa miezi tisa, akakipatia kitenzi hicho maana 645.

Kiswahili nacho kina vineno vya aina hiyo, na namna nzuri ya kuuona ufundi huu ni kulifuata "kaa" hadi Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifika Kabambare, mji wa huko, mwaka 1869. Kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 alikwama pale, miezi ya mwanzo kwa sababu ya vidonda vya miguu, akawa miongoni mwa watu wa misafara ya pembe iliyokuwa ikitoka pwani. Tukisema "Livingstone alikaa Kabambare", tunasema aliishi pale, alibaki pale, au alikawia pale? Mtunga kamusi hawezi kuipita sentensi hiyo hivi hivi. Ataiweka kando ya nyingine: unakaa wapi, kaa kimya, kanzu imemkaa vizuri, mjane amekaa eda. Atakumbuka pia kwamba watu wa pwani wakitaka mtu aketi humwambia "kaa kitako". Kisha ataamua maana zipi ni moja, zipi zimeachana, na ipi itangulie.

Hapo bado hajagusa "kaa" wa baharini mwenye magando, wala "kaa" la moto. Je, ni neno moja au matatu? Kwenye Kiswahili sanifu ushahidi uko wazi katika upatanisho: kaa huyu ametoroka, kaa hili limezimika. Lakini Kiswahili cha Kongo, ambacho wengi walikiita Kingwana, mara nyingi hulegeza upatanisho huo, na msikilizaji huongozwa na muktadha. Anayetegemea sarufi ya pwani peke yake atakosa pa kushika.

Ndipo Kongo yenyewe inapomsaidia mtunga kamusi. Kiswahili cha pwani kiliangusha "l" ya kale katikati ya maneno mengi. Mtu wa Lubumbashi bado husema "kuikala" kwa maana ya kukaa, na yale ambayo pwani huitwa makaa, yeye na msemaji wa Kilingala huyaita "makala". Kaa wa majini kwa Kizulu ni "inkala". "L" iliyopotea pwani inaonekana tena, na kila moja ya maneno hayo matatu linaonyesha ndugu zake. Hata pwani sauti ile iliacha alama: kaa huzaa mkazi na makazi, kama lea inavyozaa mlezi. Ile "z" ni mabaki ya konsonanti iliyotoweka katika kitenzi.

Huu ndio ufundi ninaoustahi. Charles Sacleux, padri Mfaransa, alifika Afrika Mashariki mwaka 1879. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939, miaka 60 baadaye, ikiwa imejaa maneno ya lahaja mbalimbali ambayo mwingine angeyafuta kwa kuyaona makosa. Yeye aliyasikiliza, akayaandika. Alphonse Lenselaer naye alichapisha kamusi yake ya lugha hizo mbili mwaka 1983, na hadi leo msomaji wa Kongo anaweza kuifungua akasaidika. Kazi ya namna hii haina haraka. Ni kusikia, kunukuu, kulinganisha, na kukubali kuanza upya kila sentensi mpya inapoikataa fasili ya jana.

Kasongo, uliokuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, ni mlango mmojawapo ambao Kiswahili kilipitia kuingia Kongo, na Katiba ya 2006 imekitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Lakini lugha haihifadhiwi na katiba peke yake. Pwani imetunza upatanisho, Kongo imetunza sauti za kale, na kamusi kamili inahitaji pande zote mbili. Basi mwalimu wa Kasongo, nawe mwanafunzi wa Kabambare, anzeni na maneno mafupi. Andikeni sentensi kama ilivyosemwa, msiisahihishe, na pembeni mtaje mahali, tarehe na umri wa msemaji. Mtunga kamusi ajaye atahitaji kila moja ya sentensi hizo.