Nani Anamwangalia Kifungua Mimba?

Ukisoma yaliyoandikwa kuhusu Minari, filamu ya Lee Isaac Chung ya mwaka 2020, utakutana na bibi kwanza. Ni haki yake. Youn Yuh-jung, aliyeigiza kama bibi Soonja, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2021 kwa kazi hiyo, na kila aliyeitazama filamu ana tukio lake analolipenda la huyu bibi anayecheza karata na kutukana mbele ya wajukuu. Baada ya bibi atatajwa David, mjukuu mwenye ugonjwa wa moyo. Kisha baba na shamba lake. Kisha mama na kinyongo chake. Ukiwa na bahati, kwenye aya ya mwisho utaambiwa kwamba David ana dada.

Anaitwa Anne. Nimeitazama Minari mara nne, na mara ya nne niliamua kumfuata yeye tu, popote alipo, hata akiwa pembeni au nyuma ya mtu mwingine. Naomba uifanye kazi hiyo siku moja. Utaona filamu nyingine kabisa, na sidhani kama ni filamu ambayo Chung alijua ameitengeneza.

Kwa ambaye hajaiona: ni miaka ya 1980. Jacob na Monica ni Wakorea waliohamia Marekani, na sasa wanatoka California kwenda kuishi mashambani Arkansas, kwa sababu Jacob anataka kulima mboga za Kikorea awauzie Wakorea wenzake mijini. Filamu inaanza barabarani. Mama anaendesha gari akiwa na watoto wawili, anafuata lori la mizigo analoendesha baba. Wanafika wanakuta nyumba ndefu iliyokaa juu ya magurudumu katikati ya majani, mlango uko juu, ngazi hakuna. Baba anarukia ndani na kuwavuta wenzake. Hayasemwi mengi. Uso wa Monica unatosha. Yeye hakuambiwa habari za magurudumu.

Hapa Kiswahili kinanisaidia kuisoma filamu kuliko nadharia niliyopewa darasani. Sisi tuna kuhama na tuna kuhamia. Kuhama kunaishia pale unapopaacha: lori limepakiwa, mlango umefungwa, funguo zimerudishwa kwa mwenye nyumba, umehama. Kuhamia kunahusu pale unapofika, na huko hakuna siku unayoweza kusema kazi imekwisha. Halafu kuna kuhamishwa, ambako ndiko kwa watoto. Mtoto haulizwi. Anaambiwa jioni moja wakati wa kula, na akilalamika anajibiwa kwa neno moja: utazoea. Nani atamfundisha kuzoea, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani mle ndani, hilo neno halisemi.

Kuzoea kwa David filamu inakufuatilia kwa makini ya kupendeza. Hakumtaka bibi. Ananuka Korea, anasema, wakati yeye Korea hajawahi kuiona. Bibi wa kweli anaoka biskuti. Kwa hiyo mtoto anamletea bibi mkojo wake kwenye kikombe badala ya soda aliyoitaka, na bibi anakunywa. Ukumbi wowote utacheka hapo. Lakini angalia kinachoendelea chini ya kicheko: mtoto aliyeletwa mahali ambako hakuchagua, akakatazwa kukimbia kwa sababu ya moyo wake, amepata kitu kimoja cha kuamua mwenyewe. Kuanzia hapo anaanza kukaa. Anamfuata bibi kijitoni, anajifunza karata, anaona ile mbegu ya minari iliyotoka Korea ikishika ardhi ya wenyewe bila kubembelezwa. Na filamu inapofika kwenye kilele chake, David anakimbia. Mwili wake umehamia. Sijui njia nzuri zaidi ya kuonyesha jambo hilo, na kwa hilo tu Minari ni filamu kubwa.

Sasa Anne. Wazazi wanakwenda kwenye kazi yao ya kubagua vifaranga, majike huku madume kule, na Anne ndiye jicho la David. Wazazi wanapogombana usiku, yeye na mdogo wake wanakunja ndege za karatasi zenye ujumbe wa kuwaomba waache, wanazirusha. Kanisani, siku ya kwanza, mtoto mmoja wa Kizungu anamfuata David na kumuuliza kwa nini uso wake umekuwa bapa. David anakataa, na muda si muda wameshakuwa marafiki. Msichana wa Kizungu anamfuata Anne na kuanza kumtolea sauti za ovyo mfululizo, akimwambia amkatishe atakapogusa neno la lugha yake. Anne anasimama na kusikiliza. Na kweli, katikati ya uchafu ule linapita neno linalofanana na la Kikorea la shangazi. Anamwambia.

Mimi tukio hilo linanisumbua kuliko moto wa mwisho. Mtoto ametukanwa lugha yake, naye akaigeuza dhihaka kuwa somo, kwa adabu, kwa sababu mama yuko mita chache anahangaika kupendwa na wanawake wa kanisa, na siku isiharibike. Hiyo ni kazi. Filamu inalipita kama kichekesho. David anapata rafiki, na rafiki huyo anarudi baadaye kwenye hadithi. Anne anapata nini? Sijaona.

Kuna tukio lingine ambalo Anne hayumo kabisa, ila linamhusu. Baba na David wamesimama nje ya kile kiwanda cha vifaranga, moshi unatoka kwenye bomba. Baba anaeleza kwamba madume huchomwa kwa sababu hayana faida, na kwamba wao wawili sharti wawe na faida. Wachambuzi wamelizungumza sana, na sawa, linasema mengi kuhusu mzigo wa uanaume. Mimi najiuliza tu kwa nini baba hakuona haja ya kumwambia Anne. Nadhani ni kwa sababu msichana wa kwanza haambiwi awe na faida. Amezaliwa kazini.

Sijifichi kwamba nina sababu ya kuitazama hivi. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, na nikiwa darasa la nne ilikuja barua ya uhamisho: kutoka Tanga kwenda Sumbawanga. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Safari tulilala Mbeya. Tulifika kwenye baridi ambayo hatukuwa na nguo zake, kwenye ugali wa ulezi na migebuka, na mama akazunguka soko zima kutafuta nazi mpaka akapata moja, kavu, kwa bei iliyomkalisha kimya njia nzima ya kurudi. Baada ya mwezi mdogo wangu alikuwa anasalimia majirani kwa Kifipa na wazee wanamshangilia. Mimi nilikuwa najua bomba lipi linatoa maji alfajiri, duka lipi linakopesha, na mlango upi usigonge. Wageni wakija walikuwa wanasema, huyu mkubwa hana shida, ameshazoea. Darasani walikuwa wananicheka nikisoma kwa sauti, kwa lafudhi yangu ya Tanga, kwa hiyo nikaacha kunyoosha mkono. Sentensi niliyoisikia zaidi mwaka ule ni mwangalie mdogo wako.

Mwangalie. Lugha yetu imeweka kutunza na kutazama kwenye kitenzi kimoja, na ndiyo maana nauliza swali la kichwa cha makala hii kwa maana zote mbili. Kamera nayo inaangalia. Anayeangaliwa na kamera anatunzwa na hadithi, anapewa muda, mtazamaji anamsubiri. Kwenye Minari, Anne anaangalia. Nani anamwangalia?

Najua kwamba inawezekana, kwa sababu kuna filamu ya katuni ya mwaka 1988 iliyolifanya. My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki inaanza karibu vilevile: kigari cha mizigo barabarani, vyombo na meza vimerundikwa nyuma, dada wawili wamejibana katikati yake. Satsuki ana miaka kumi, Mei ana minne. Wanahamia kijijini na baba yao, mwalimu wa chuo kikuu, wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Nyumba mbovu, nguzo ya baraza inayumba, na giza la vyumbani limejaa vidubwana vya masizi vinavyotawanyika mlango ukifunguliwa. Watu wazima wengi wanaikumbuka kama filamu ya lile jitu la manyoya linalosubiri basi kwenye mvua. Mimi naikumbuka kwa mambo ya jikoni.

Satsuki anapika. Asubuhi anaamka kuwaandalia baba na mdogo wake na kufunga chakula cha kubeba, kisha anakimbilia shule. Mei anakataa kubaki na bibi jirani, analetwa mpaka mlangoni mwa darasa, na Satsuki anamkalisha kwenye benchi lake huku somo linaendelea. Hakuna anayelalamika. Ukiishia hapo utasema Miyazaki naye anausifu utumwa wa kifungua mimba, kama wasifiavyo watu wengi wa kwetu: binti mkubwa ana akili, ameshakuwa mama.

Lakini Miyazaki haishii hapo. Kwanza anatupeleka hospitali, na mama, kitandani, anachukua brashi na kumchana Satsuki nywele. Mei anataka zamu yake, anaambiwa asubiri. Dakika moja tu. Katika dakika hiyo mkubwa ni mtoto, na mdogo ndiye anayengoja. Pili, telegramu inapokuja na mama hawezi kurudi nyumbani siku iliyopangwa, Satsuki anavunjika. Anamfokea Mei. Halafu anasimama mbele ya bibi jirani na kulia kwa kelele, kilio cha mtoto wa miaka kumi, akiuliza itakuwaje mama akifa. Tangu gari la mizigo hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Sasa kamera imesimama na inamsikiliza mpaka mwisho.

Miyazaki alikuwa na pa kuchota hayo. Mama yake mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Ila kinachonivutia zaidi ni jambo la kiufundi. Mwanzoni hadithi ilikuwa na msichana mmoja. Baadaye akagawanywa wawili, na alama ya kovu imebaki kwenye majina: Satsuki ni jina la kale la Kijapani la mwezi wa tano, na Mei ni mwezi huohuo kwa matamshi ya Kiingereza. Kwenye bango la filamu utamkuta bado yule msichana mmoja, amesimama kituoni na mwavuli wake, si Satsuki wala Mei. Mtoto mmoja aliyehamishwa akapasuliwa: nusu moja ikaenda msituni kucheza, nusu nyingine ikabaki inapika. Nani atasema huyo anayepika hakuwa na hamu ya msitu?

Kuna jibu ambalo rafiki zangu wamenipa, na lina uzito. Minari ni kumbukumbu. Chung alikulia kwenye shamba Arkansas, David ni yeye, na mdogo humkumbuka dada yake kama anavyoukumbuka ukuta: alikuwepo, ulikuwepo. Kumdai atuonyeshe moyo wa Anne ni kumdai asichokiona. Ningekubali kama filamu ingebaki machoni mwa David tangu mwanzo hadi mwisho. Haibaki. Inaingia kwenye ugomvi wa wazazi ambao David hausikii. Inakwenda shambani na Jacob peke yake. Pale nje ya duka, baada ya Jacob kupata mnunuzi na Monica kumwambia kwamba hawezi tena kuendelea, wako wao wawili, watoto hawapo, na ni tukio bora la uigizaji katika filamu nzima. Kamera hii ina miguu. Inakwenda inakotaka. Chumbani kwa Anne haikutaka kwenda.

Na huo moto wa mwisho nao nina neno nao. Wazazi wameshaamua kuachana. Wanarudi nyumbani, na bibi, ambaye kiharusi kimemwachia mkono usiotii, ameunguza ghala la mazao bila kukusudia. Wanaingia kwenye moshi kuokoa mboga, wanaishia kuokoana. Inagusa, sibishi. Lakini moto umewapokonya wazazi swali walilokuwa wamelikabili kama watu wazima dakika kumi zilizopita, na sisi tukapewa machozi mahali pa jibu. Miyazaki aliwaleta paka-basi na jitu la manyoya, na bado nadhani alidanganya kidogo kuliko hapo.

Usiku ule familia inalala sakafuni pamoja, na Soonja yuko macho, amekaa anawaangalia. Wanne wote, Anne yumo. Nilifurahi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu. Halafu filamu inafungwa na Jacob na David wakiteremka kijitoni kuchuma minari, baba anamsifia bibi kwa kuchagua mahali pazuri. Nilisubiri Anne atokee nyuma yao na ndoo. Hakutokea.