Kusoma Kashata za Tairi la Lami na Vumbi

Dukani, tairi lenye kashata kubwa na pembe kali ndilo linalovuta macho. Mnunuzi hulipiga picha akilini likiwa chini ya Hilux au Prado yake, akaliona limekaa kibabe, akalipa. Lakini gari linaloteremka kwa lami kutoka Nairobi hadi Voi, kisha likaingia njia za vumbi za Tsavo, halibebwi na ubabe. Hubebwa na namna mbunifu alivyogawa mpira na uwazi.

Mpira mwingi unaogusa lami huleta breki nzuri na utulivu kwenye kona. Uwazi mwingi kati ya kashata hung'ata udongo laini na kutema matope. Kinachoongezwa huku hupungua kule. Tairi la matope, M/T, limeegemea uwazi; la barabara kuu, H/T, limeegemea mpira; la ardhi zote, A/T, limesimama kati yao, na ndiyo maana kulibuni vizuri ni kazi ngumu.

Mjuzi huanza katikati ya tairi. Hapo kashata zikae karibu na kuingiliana kama vidole vya mikono miwili, ili dereva akishika breki zishikiliane badala ya kuyumba. Kisha hutazama sakafu ya mifereji. Vidaraja vya mpira vinavyounganisha kashata huzipa uthabiti, na vinundu vidogo vilivyopangwa chini huzuia kokoto zisijichimbie hadi kwenye nyuzi za tairi. Kwa anayepita changarawe kila siku, vinundu hivyo ni kinga halisi.

Begani sharti ni jingine. Mifereji ifunguke hadi nje, ipanuke kadiri inavyokwenda, na kuta zake ziwe na mteremko. Zikiwa wima, udongo hung'ang'ania. Mfano mzuri wa kusomea ni BFGoodrich All-Terrain T/A, aina iliyozaliwa mwaka 1976, hasa kizazi cha KO2 cha mwaka 2014. Katikati kashata zimefungamana. Begani kuna vijiti vya mpira vya kubandua matope yaliyoganda. Na kashata za pembeni zimeteremka hadi ubavuni, zikapata pa kushika tairi linapozama au linapopunguzwa upepo mchangani.

Juu ya kashata kuna mikato myembamba, ambayo Mmarekani John Sipe aliipatia hataza mwaka 1923. Kingo zake hushika lami iliyolowa. Ikizidi, kashata hulegea na kumeguka kwenye mawe, kwa hiyo iliyo bora hujipinda ndani ili kuta zake zikamatane zinapobanwa. Kina chake nacho kikaguliwe: mikato inayoishia juujuu hutoweka tairi likiwa bado na nusu ya maisha yake.

Kelele pia huonekana kwa macho. Tairi lizungushwe, urefu wa kashata ulinganishwe. Zikiwa sawa zote, kila moja hugonga lami kwa mlio uleule, na milio hiyo hujumlishana kuwa mvumo mmoja. Mbunifu makini huchanganya ndefu na fupi.

Herufi M+S (matope na theluji) ubavuni zisimdanganye mtu: hutokana na umbo la kashata, wala si cheti cha kushinda matope. KO2 nyingi zikiwa mpya zina mifereji yenye kina cha karibu milimita 12. Vialama vya uchakavu vimewekwa kwenye milimita 1.6, lakini nguvu ya matopeni huisha mapema zaidi. Na wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga huweza kuziba hata A/T jipya.

Kwa anayetumia lami siku nyingi na vumbi mara kwa mara, A/T lililofungamana katikati na kufunguka begani ndilo la kununua; M/T libaki kwa wanaoishi na tope. Kabla ya kulipa, asome tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 3224 ni wiki ya 32 ya mwaka 2024. Mpira uliokaa ghalani miaka mingi hukakamaa, hata kashata zake ziwe nzuri namna gani.