Mafungu ya Akili na Kazi ya Wachoraji wa Lubumbashi

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa mafungu kumi ya Aristotle: kitu chenyewe, wingi wake, namna yake, mahali pake, na mengine. Twakiri kwamba tulizoea kupanga kila jambo humo, kama mama apangavyo sahani kabatini, hata kitu kilichokosa nafasi tulikiona si kitu. Basi, wachoraji wa Lubumbashi wametuonyesha kwamba hata mtu atungaye jambo jipya ana mafungu yake kichwani, na kazi yake hufuata umbo la mafungu hayo.

Mwaka 1946, mji ule ungali ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Kila mmoja atafute njia yake. Bela alichora kwa vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga alijaza picha vistari vidogo vidogo, kama mkeka uliosukwa. Kazi nzuri, nani atakana? Lakini fungu lile, «uchoraji wa Kiafrika», mwalimu ndiye aliyelitengeneza. Wanyama na wawindaji walipata nafasi ndani yake. Mgodi na reli, vilivyokuwa mbele ya macho yao kila siku, si rahisi kuviona humo. Walitolewa katika sanduku moja, wakatiwa katika jingine.

Miaka ya 1970 twaona fungu la namna nyingine, nalo halikutoka kwa mwalimu. Wafanyakazi walinunua picha za kutundika ukutani, na neno lao lilikuwa «ukumbusho»: picha njema humkumbusha mtu jambo, ikamfanya aseme. Ndiyo sababu mambo yaleyale yalirudi nyumba kwa nyumba: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, tena «Colonie belge», mfungwa alalaye chini akichapwa viboko mbele ya bwana wa serikali. Mtu aliyesoma atasema upesi: hawa hawatungi, wanarudia tu. Sisi nasi tulisema hivyo, na tulikosa.

Maana katika fungu hilohilo alitokea Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakulitupa. Kama picha yaweza kukumbusha jambo moja, kwa nini picha nyingi zisikumbushe habari za nchi nzima? Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian picha kama 100, akamweleza kila moja kwa Kiswahili cha kwao. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akajiita mwanahistoria.

Tuitazame picha yake ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Damu yatoka ubavuni mwa Lumumba, na kwa mbali yasimama misalaba mitatu. Misalaba hiyo imetoka wapi? Mkatoliki hahitaji kuambiwa. Hakuna picha ya kamera ya mauaji yale iliyoonyeshwa watu. Lakini Golgota kila mtu aliijua, hata asiyejua kusoma. Fungu hilo lilimpa mchoraji macho ya kuona lililofichwa. Twamsifu kwa hilo.

Lakini fungu likupalo macho hukupa pia pazia. Mbele ya misalaba mitatu, akili hutafuta wale wanyang'anyi wawili. Je, ni Mpolo na Okito? Mmoja alikuwa waziri, mwingine makamu wa rais wa Baraza la Seneti, nao waliuawa usiku uleule kama mwenzao. Hawakustahili nafasi hiyo. Hatudhani Tshibumba alikusudia kuwapa. Misalaba iliwapa yenyewe. Tungependa kumwuliza, lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo.