Sinia na Sahani: Uhakiki wa Meza Kuu za Mji Mkongwe

Mhakiki wa fasihi akiulizwa anahakiki nini, hujibu upesi: tenzi, riwaya, tamthilia. Chakula hakimo katika jawabu lake. Lakini karatasi ya vyakula anayopewa mgeni aketipo katika mkahawa mkubwa ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mtungaji na msomaji, ina maneno yaliyochaguliwa na maneno yaliyoachwa. Mlo wenyewe nao una mwanzo, kati na mwisho. Basi sioni kosa kuupima mkahawa kwa mizani ile ile tunayoupimia utenzi uliotolewa baraza moja na kusomwa katika baraza nyingine. Twauliza: katika kuhama huko, maana imesalimika?

Yafaa kwanza tutazame maneno tuliyo nayo. Karamu ni chakula atoacho mwenye nyumba. Mgeni hupokea, na deni linalobaki ni la heshima wala si la fedha. Kikoa ni chakula cha wenzi kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Hoteli, katika midomo ya watu wetu, kabla ya kuwa mahali pa kulala ni mahali pa kula kwa kununua, kimbilio la msafiri na la mfanyakazi aliye mbali na jiko lake. Mtu mwenye jamaa mjini akionekana anakula hotelini, huona haya jamaa zake kuliko yeye. Kwa sababu hiyo vyakula vyetu vilivyo bora havikulelewa madukani. Vililelewa majumbani, mikononi mwa wanawake, kwa ajili ya harusi, hitima na Sikukuu.

Utenzi wa Fumo Liyongo watufundisha jambo katika hili. Liyongo alipokuwa kifungoni, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake. Walinzi, waliozoea kujitwalia kilicho kizuri, waliudharau mkate ule, na kwa tupa ile mfungwa akakata minyororo. Tena waliotaka kumwua walimwita katika kikoa cha makoma, wapate kumpiga mishale atakapokuwa juu ya mti. Tazama, msomaji: mkate wa makapi ulikuwa wokovu, na kikoa cha urafiki kilikuwa mtego. Chakula hakipimwi kwa ulimi peke yake. Hapana budi kuuliza nani ametoa, amempa nani, na kwa nia gani.

Na tuvuke sasa bahari kutoka Pemba, twende na swali hilo Unguja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na pamoja na sifa hiyo umepata mikahawa ya fahari, mingi juu ya mapaa yanayotazama bahari. Katika walioanzisha mtindo huo jina la Emerson Skeens halisahauliki. Alikuwa Mmarekani aliyefika Unguja mwaka 1989 na kufariki mwaka 2014. Huko Hurumzi, katika nyumba iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan, wageni walipanda hadi paani, wakavua viatu, wakaketi juu ya mazulia na mito, wakala jua linapotua. Mtu aweza kusema kuwa huo ulikuwa mchezo wa kuigiza. Naam, lakini mwigizaji aliyemsoma vizuri mtu anayemwiga astahili sifa. Kuketi chini kuliambatana na heshima, na mgeni alifundishwa kuwa hapa watu wana adabu yao ya kula.

Mfano wa pili ni Lukmaan, pale Mkunazini. Hapana paa la kutazamia bahari wala mito ya hariri. Mteja husimama mbele ya vyakula, huvitazama, huonesha akitakacho, hulipa na kula, mwenyeji na mgeni pamoja. Mahali hapo hapadai kuwa karamu. Pajua kuwa ni hoteli, na kwa kulijua jina lake pametimiza wajibu wake.

Kosa basi si kuuza. Kosa la kwanza la meza nyingi za fahari ni kuligeuza sinia kuwa sahani. Sinia la pilau lina sarufi yake. Kila mtu hula mbele yake, wala mkono hauvuki mpaka. Mwenyeji humsogezea mgeni nyama kwa vidole vyake mwenyewe. Wala hainuki mwenyeji kabla mgeni hajashiba, asije akamwonea haya. Pilau hiyo hiyo ikifinyangwa kwa kikombe katikati ya sahani pana, huwa kama shairi lililoandikwa kwa nathari. Maneno yamo yote, lakini vina na mizani vimekwenda.

Kosa la pili ni la lugha. Aghalabu karatasi za vyakula huandikwa kwa lugha ya kigeni, na Kiswahili hutiwa humo kama ua kwenye kikapu. Jikoni kwetu tui la kwanza si tui la pili. Lile zito la kwanza lina jina lake, kasimele, na lina wakati wake wa kutiwa. Kuna kuunga na kuna kukaanga. Kuna wali unaopaliwa makaa juu ya kifuniko. Elimu yote hiyo huzama katika neno moja la kigeni lenye maana ya mchuzi wa nazi.

Kosa la tatu latugusa sisi wa Pemba hasa. Zamani za Wareno Mombasa ilikula mchele wa kisiwa hiki. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Watalii huja kwa jina la visiwa vya viungo, na karafuu iliyomo katika pilau yao yaelekea ilianikwa juu ya jamvi huku kwetu. Mara ngapi jina la Pemba laonekana katika karatasi ile?

Mtu atanipinga, akisema: watu wasiojuana hawawezi kula sinia moja, na sinia lenyewe halikuwa na haki kamili, maana waliopika walikula nyuma, mbali na waliosifiwa. Hoja hii ina nguvu, nami siikatai. Mkahawa unaomlipa mpishi mwanamke ujira wa haki na kulitaja jina lake umefanya jambo ambalo karamu zetu nyingi hazikulifanya. Lakini kurekebisha kosa la baraza si sababu ya kuisahau lugha yake.

Na hapo ndipo penye hasara. Kijana wa Wete au Chake Chake aajiriwapo katika jiko la fahari, hufundishwa kukieleza chakula cha mama yake kwa maneno ambayo mama mwenyewe hangeyafahamu. Akikaa huko miaka kumi, atarudi na mkono hodari na ulimi bubu. Karatasi ya vyakula na iandikwe Kiswahili kwanza, tafsiri ikae chini yake. Na wageni waliokuja kundi moja wapewe hiari ya sinia. Nanyi wanafunzi, mliozoea kuwaendea wazee mkikusanya mashairi na hadithi, ingieni na jikoni. Kaeni karibu na kinu na mbuzi ya nazi, mwandike majina wangali hai wanaoyajua.