Kipimo cha Katuni na Mchezo

Msomaji, chombo cha furaha hupimwa kwa jinsi kinavyozitumia saa zako, si kwa mng'aro wake. Katika sinema ya katuni ya Kijapani, Spirited Away ya mwaka 2001, wazazi wa Chihiro wanageuka nguruwe kwa ulafi, na binti hana budi kuwakomboa kwa kazi katika hamamu ya mizimu. Hata kimya chake kina maana. Lakini katika Dragon Ball Z, Frieza anatangaza kuwa sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano. Mapigano yakachukua vipindi kadhaa. Yamkini hata saa ilisimama kutazama!

Hali kadhalika michezo ya kompyuta. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow katika miaka ya 1980, ina maumbo saba tu, wala haichoshi. E.T. ya Atari ilitengenezwa mwaka 1982 kwa majuma matano hivi. Shujaa wake hutumbukia mashimoni kila mara. Mwaka 1983 kaseti zake nyingi zikafukiwa katika jangwa la New Mexico. Kumbe alikuwa akizoea kaburi!

Basi chagua kwa uangalifu. Fedha iliyopotea yaweza kuchumwa tena, saa haichumwi.