Hisabu ya Gunia Moja: Tadbiri ya Fedha na Watu katika Tanuri Dogo la Mikate

Mtu aliyeazimia kufungua tanuri la mikate katika mji wa pwani kama Tanga, aghalabu huanza fikira zake kwa chuma: huulizia bei ya tanuri, bei ya mashine ya kukandia, na kodi ya nyumba itakayovitosha vyote viwili, na akiisha kupata jumla ya vitu hivyo, kwa akiba yake au kwa karadha, hudhani kuwa amemaliza tadbiri. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba mwanzo huo umegeuzwa, na kwamba hisabu iliyo sahihi huanza kwa gunia moja la unga, kwa kuwa gunia ndilo kipimo kinachofunga fedha na watu pamoja: ndilo lisemalo mikate mingapi itatoka, shilingi ngapi zitasalia, na mikono mingapi itahitajiwa kabla ya kupambazuka.

Njia hii ina umri mkubwa. Katika Uingereza, zama za mfalme Henry wa Tatu, ilitolewa sheria ya mikate ambayo kwa desturi huwekewa tarehe ya mwaka 1266, na ndani yake mliandikwa hisabu iliyothibitishwa na waoka mikate wa mfalme mwenyewe. Hawakuanza kwa tanuri. Walianza kwa kipimo kimoja cha ngano, kota, na kwa kila kota wakampa mwoka mikate faida ya peni 4 pamoja na pumba, kisha, mbali na faida hiyo, wakamhesabia ujira wa watumishi watatu na wa vijana wawili, chumvi, hamira, mshumaa, kuni, na gharama ya kuchekecha. Mwenye kuisoma orodha hiyo kwa makini atatambua mambo mawili ambayo wafanyabiashara wengi wa leo huyasahau: kwamba watu walitajwa kwa idadi, wala hawakufichwa ndani ya neno moja la matumizi, na kwamba faida iliwekwa mbali na ujira, ili mwenye tanuri asije akala ujira wa wenziwe akidhani anakula faida yake.

Na tulichukue sasa gunia letu la kilo 50 tulitendee vivyo hivyo. Unga huo hupokea maji lita 28 hivi, sukari kilo 2 na nusu, mafuta kilo 1 na nusu, chumvi kilo 1, na hamira kavu nusu kilo. Jumla yake ni kilo 83 na nusu za kinyunya. Kiasi kidogo hushika katika chombo, mezani na mikononi, zikabaki takriban kilo 82. Nazo zikikatwa madonge ya gramu 450, kwa sababu donge la uzito huo likiisha kupoteza maji yake motoni hutoka mkate wa gramu 400, tutapata mikate 180 na ziada kidogo. Idadi hii ya 180 ndiyo msingi wa yote yatakayofuata, na mwoka mikate asiyeipata kwa gunia lake hana budi kutafuta sababu katika mizani kabla hajaitafuta sokoni, maana kila donge likizidi gramu 25 tu, mikate 10 hutoweka katika kila gunia bila ya mwizi.

Kwa fedha nitatumia bei za mfano, na msomaji ataweka badala yake bei za mji wake. Tuseme unga ni shilingi 80,000, sukari 7,500, mafuta 9,000, hamira 8,000, chumvi 1,000, mifuko ya kufungia 5,400, na moto, uwe wa kuni au wa gesi, 9,100. Jumla ni shilingi 120,000. Mikate 180 ikiuzwa kwa wenye maduka kwa shilingi 1,000 mmoja, huleta 180,000, na tofauti yake ni 60,000. Lakini si mikate yote iuzwayo: mingine huungua, mingine hurudishwa jioni imekauka. Tukikadiria mikate 9 katika 180, yaani asilimia 5, husalia shilingi 51,000. Hizi ndizo ambazo gunia moja huchangia katika kodi, mishahara na faida, na mtu asiijue biashara yake kwa tarakimu nyingine yoyote kabla ya hii.

Upande wa pili wa daftari huandikwa gharama ambazo hazijali magunia mangapi yameokwa. Katika mfano wetu, kodi ya nyumba ni 300,000 kwa mwezi, umeme na maji 250,000, upelekaji wa mikate 400,000, akiba ya matengenezo 200,000, na leseni, kodi ya serikali na mengineyo 100,000, jumla 1,250,000. Kisha wanakuja watu: mwoka mkuu 450,000, wasaidizi wawili kwa 280,000 kila mmoja, mpelekaji mikate 280,000, na karani auzaye na kuandika daftari 300,000. Mishahara hii ni 1,590,000, ila gharama yake si hiyo, kwa sababu sheria za Tanzania humtaka mwajiri aongeze nyongeza ya kazi ya usiku, achangie asilimia 10 katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na nusu ya asilimia 1 katika mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Vikiingizwa vyote, watu hugharimu takriban 1,817,000, na mwezi mzima 3,067,000.

Gawanya sasa 3,067,000 kwa 51,000, nawe utapata magunia 61 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, magunia mawili kwa siku ni 52, na mwenye tanuri atapata hasara ya shilingi 415,000 kila mwezi huku akiona wateja mlangoni na unga mikononi. Magunia matatu kwa siku ni 78, naye atasaliwa na shilingi 911,000, ambazo kwazo atalipa karadha yake na kula yeye na jamaa zake. Hasara na faida zimetenganishwa na gunia la tatu. Tena tazama nguvu ya mkate uliorudishwa: ikiwa badala ya mikate 9 itarudi 27 katika kila gunia, mchango wa gunia hushuka hadi 33,000, na magunia yanayotakiwa hupanda hadi 93, yaani kupita hata yale 78 tuliyoyafurahia. Kwa hiyo karani aandikaye kila jioni ni duka lipi lililorudisha mikate mingapi huilinda rasilimali kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba ile, na ujira wake usionekane kuwa ni anasa.

Baada ya fedha kuyataja magunia matatu, magunia nayo huitaja idadi ya watu na saa zao, na hapa hisabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Mkate wa chai ya asubuhi sharti uondoke kwenda madukani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkate ufungwao ungali moto hutoa jasho ndani ya mfuko na kuota ukungu upesi, basi wa mwisho utoke motoni saa tisa usiku ili upoe kwa muda wa saa mbili kabla ya kufungwa. Tanuri litoshalo mikate 90 kwa mpigo, kila mpigo ukichukua dakika 40 pamoja na kupakia na kupakua, litahitaji mipigo sita kwa mikate 540, nayo ni saa nne; basi mpigo wa kwanza uingie saa tano usiku. Kukanda, kuumuka, kukata madonge na kuumuka tena katika kalibu huchukua karibu saa tatu, kwa hiyo kazi huanza saa mbili usiku. Kwa joto la pwani kinyunya huumuka kwa haraka na huchacha mtu akizubaa, basi maji ya kukandia yawe ya baridi, na magunia yale matatu yakandwe kwa zamu, yasikandwe kwa pamoja, ili la mwisho lisingoje tanuri hali limekwisha kupita kiasi chake.

Saa hizi zina hukumu yake katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Imeita usiku muda ulio baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kuuamuru ulipwe nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Waokaji wetu watatu, wakianza saa mbili na kutoka saa kumi usiku, na kupumzika saa moja katikati, hufanya saa 7 kwa usiku na 42 kwa juma, na kwa hiyo wamo ndani ya mpaka. Bali mwenye tanuri akiajiri wawili kwa kubana matumizi, kazi ile ile itawapeleka hadi asubuhi, na alichokiokoa katika mshahara atakilipa katika saa za ziada, katika mikate iliyoungua kwa usingizi, na katika siha za watu, ambazo hazina bei.

Katika wale watatu, mmoja wa wasaidizi afundishwe tangu mwezi wa kwanza kushika nafasi ya mwoka mkuu. Kila mfanyakazi anastahiki siku 28 za likizo kwa mwaka, na homa haiombi ruhusa. Tanuri ambalo ustadi wake wote umo kichwani mwa mtu mmoja litazimika siku atakayougua au atakayoitwa na tajiri mwingine. Vipimo viandikwe na vibandikwe ukutani, kila kitu kwa mizani wala si kwa kopo, ili kazi idumu hata mtu akiondoka.

Limebaki jambo la rasilimali, nalo ndilo liangushalo wengi. Wenye maduka hupenda kuchukua mikate kwa mali kauli, walipe baada ya kuuza. Wakilipa kila juma, magunia matatu kwa siku sita humaanisha shilingi 2,160,000 za gharama ya tanuri zilizolala katika maduka ya watu, hali mfanyabiashara wa unga anataka chake leo. Fauka ya hayo, mauzo hupanda na kushuka: mwezi wa Ramadhani chai ya asubuhi hupungua sana, haja ya mkate ikahamia futari, na tanuri lenye busara huhamisha kazi yake hadi mchana, likatoa mkate wa ufuta na boflo alasiri. Ngano nayo kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 viliwafunza waoka mikate wa pwani yetu jinsi bei inavyoweza kupanda kwa jambo lililotendeka mbali. Kwa sababu hizi nashauri mtu asifungue mlango bila ya kuwa na gharama za miezi mitatu mkononi, ambazo katika mfano wetu ni shilingi 9,201,000, nje ya bei ya mashine. Na kama fedha hazitoshi vyote, apunguze ukubwa wa tanuri, asipunguze akiba hii.

Katika sheria ile ya Uingereza bei ya mkate ilidumu, na uzito ndio uliopungua ngano ilipopanda. Lakini jambo hilo lilifanywa kwa jedwali lililo wazi kwa watu wote. Kupunguza gramu kwa siri chini ya uzito ulioandikwa mfukoni ni dhuluma kwa mnunuzi, tena ni kosa mbele ya Wakala wa Vipimo. Unga ukipanda, bei itangazwe waziwazi, au mkate mdogo uuzwe kwa jina la mkate mdogo.

Basi wewe uliye na azma hii, kabla hujatia saini karadha, nunua gunia moja, lioke kwa mizani, hesabu mikate iliyotoka na iliyouzwa, na uandike mshahara wa kila mtu kwa jina la kazi yake. Ikiwa karatasi yako inataka magunia ambayo mtaa wako hauwezi kuyala, usifungue. Na ikiwa hisabu inakamilika kwa kuwanyima wafanyakazi haki yao tu, jua kwamba haijakamilika.